Imeniangukia mara mbili, na mke wangu hajui

Nilikuwa afisa mifugo mkoani Manyara, na kwa miaka saba Honda XL ya idara ndiyo iliyonifikisha kwenye maboma, masika na kiangazi. Tangu nihamie Columbus, Ohio, nimeendelea na pikipiki za tope kwenye njia za msitu wa Wayne. Mwezi uliopita nilinunua Harley-Davidson Heritage iliyotumika, ndoto yangu ya miaka mingi. Barabara kuu ninakwenda nayo vizuri, lakini imeshaniangukia mara mbili: kituo cha mafuta nikigeuza, na mbele ya nyumba nikiegesha. Wenzangu wanaondoka mwezi huu kwenda kwenye barabara ya milimani ya Tail of the Dragon. Mke wangu ameshanunua jaketi la kukaa nyuma yangu, na hajui kama pikipiki imeanguka. Nimeanza kuiogopa. Niiuze?

Hapana, ndugu yangu. Usiiuze. Ila safari ya mwezi huu usiende, na mkeo asipande mpaka ajue yaliyotokea. Nianze na pikipiki yenyewe, maana hofu uliyonayo ina sababu, na sababu hiyo inatibika.

XL haifiki kilo 120. Ilipokwama kwenye mfinyanzi ulishuka ukaivuta. Ilipotaka kulala kwenye kona uliitolea mguu ikasimama. Heritage ikiwa na mafuta inakaribia kilo 330. Kwa kuwa kiti kiko chini na uzito nao uko chini, ikiwa wima mtu huiona nyepesi. Ikishainama kupita kiasi hakuna mguu wa binadamu utakaoizuia, na anayejaribu ndiye anayevunjika kifundo. Ule mguu uliokuokoa miaka yote huko Manyara uache kwenye tope. Kwenye lami, miguu ikae juu ya vikanyagio mpaka pikipiki isimame kabisa.

Ona pia kwamba hukuanguka ukiwa kwenye kasi. Karibu kila pikipiki nzito inayolala kituo cha mafuta hulala kwa namna moja kati ya mbili. Ya kwanza: usukani umekatwa, mwendo ni wa mtu anayetembea, halafu vidole vinabana breki ya mbele. Mbele inazama, uzito wote unakimbilia upande ule usukani ulikokatwa, na mchezo umekwisha. Ya pili: injini inazimika katikati ya kugeuza. Kwenye tope hukuzijua hatari hizi kwa sababu wepesi wa XL ulikusamehe.

Kwa hiyo, ukienda polepole, toa vidole kwenye breki ya mbele. Gusa ya nyuma kwa mguu, kidogo na kwa mfululizo. Injini iwe juu ya silensa, na klachi iachie hadi pale inapoanza kushika, ucheze nayo hapohapo. Usihofu kuiunguza, klachi ya Heritage inazunguka ndani ya oili na kazi hiyo inaimudu. Geuza kichwa mpaka kidevu kielekee unakotaka kutokea. Ukitazama tairi la mbele, mikono nayo inaganda.

Tafuta uwanja wa maegesho wenye lami kavu Jumapili alfajiri, kabla watu hawajafika. Anza na miduara mipana, kushoto na kulia, na upunguze kadiri mwili unavyotulia. Upande mmoja utakushinda kuliko mwingine. Huo ndio uupe muda zaidi. Jifunze na kuegesha: stendi isikae juu ya changarawe, na kwenye mteremko pua ielekee mlimani, gia ya kwanza ikiwa imeingia, kwa sababu pikipiki hii haina breki ya kuegeshea.

Ikianguka tena, zima injini. Ikiwa imelalia kulia, toa stendi kabla ya kuinua. Ingiza gia, kata usukani hadi mwisho kuelekea chini ilikolala, ipe mgongo, kaa matako kwenye ukingo wa kiti, mkono mmoja kwenye usukani na mwingine kwenye chuma imara cha nyuma, kisha rudi nyuma kwa hatua fupi ukisukuma kwa mapaja. Mgongo unyooke muda wote. Mwenye kujua kuinua pikipiki yake haendeshi kwa woga.

Sasa nikuambie jambo la kukutia moyo na la kukuonya kwa pamoja. Mwaka 1981 Harry Hurt na wenzake wa Chuo Kikuu cha Southern California walitoa ripoti ya ajali za pikipiki 900 walizozichunguza katika eneo la Los Angeles. Waendeshaji waliowahi kupitia pikipiki za tope walikuwa wachache kwa kiasi kikubwa miongoni mwa walioanguka. Miaka yako ya Manyara ni akiba ya kweli. Lakini ripoti hiyohiyo ilionyesha kwamba zaidi ya nusu ya waliopata ajali walikuwa hawajatimiza miezi 5 na pikipiki waliyoanguka nayo, ingawa barabarani walishakaa karibu miaka 3. Wewe una mwezi mmoja.

Na waendeshaji hao walipokutana na hatari, wengi waliikanyaga breki ya nyuma mpaka tairi likaburuzika, wakaitumia ya mbele kidogo mno. Mtu wa tope anaingia kwenye mtego huo haraka, maana amefundishwa na utelezi kuiogopa breki ya mbele. Juu ya lami kavu, pikipiki ikiwa imenyooka, breki ya mbele ndiyo mkombozi wako. Ibane taratibu ukiongeza nguvu, pamoja na ya nyuma, na ujizoeze kila wiki hadi mkono ufanye bila kuulizwa. Kozi ya Motorcycle Safety Foundation hufundisha haya kwa utaratibu. Kati ya waliochunguzwa na Hurt, asilimia 92 walijifunza wenyewe au kwa ndugu na marafiki, kama mimi na wewe tulivyojifunza kijijini.

Tail of the Dragon ni kipande cha barabara ya US 129, mpakani mwa Tennessee na North Carolina: kona 318 ndani ya maili 11. Kwenye tope ulizoea kuilaza pikipiki chini yako huku mwili ukibaki wima. Heritage inataka mwili uiname pamoja nayo, na kuinama kwenyewe kuna mpaka, maana vibao vya miguu hugusa lami mapema. Mgeni akisikia chuma kinakwaruza hushtuka, akainyanyua pikipiki, na kona ikamtupa upande wa magari yanayokuja. Wenzako wakikuita mwoga, vumilia. Rafiki anayeona haya kukusubiri msimu mmoja si wa kufuatana naye milimani.

Nimemfikiria sana mkeo na jaketi lake. Amelinunua kwa sababu anakuamini, na wewe umekaa kimya ili usimpunguzie imani hiyo. Ninaelewa, lakini uamuzi wa kupanda ni wake, na hawezi kuuamua ilhali umemficha jambo kubwa namna hii. Mwambie leo jioni, mkiwa wawili. Mwambie ilianguka wapi, na unafanya nini ili isirudie. Mwalike aje uwanjani akuone ukizunguka. Huenda akakasirika zaidi kwa kufichwa kuliko kwa pikipiki. Mwombe radhi bila kujitetea.

Baadaye, ukiweza kugeuza pande zote mbili kwenye nafasi finyu bila kugusa chini, mpakie, na mwanzo mzunguke mtaani tu. Kaza shokapu za nyuma kwa uzito wa watu wawili kama kitabu cha pikipiki kinavyoelekeza. Asipande wala kushuka kabla hujakanyaga chini kwa miguu yote miwili na kumwambia tayari. Kwenye kona atazame juu ya bega lako la upande mnakoelekea, na mkisimama kwenye taa asitoe mguu.