TUFUFUE TREKTA KUUKUU KWA FEDHA KIDOGO

Tuseme kikundi chenu cha wakulima wa mpunga hapa Ifakara kinataka kuuziwa trekta kuukuu, Massey Ferguson 135. Aina hii ilianza kutengenezwa mwaka 1964, na spea zake bado zinauzwa. Bei ni ndogo. Je, mnunue? Ngojeni kwanza. Tulikague pamoja na fundi.

1. Chomoeni kijiti cha kupimia oili. Oili ikiwa nyeupe kama maziwa, maji yameingia ndani. Pengine gasketi imeungua, au chuma cha injini kimepasuka. Kazi hiyo ni ya fedha nyingi.

2. Gia iwe huru. Fundi afungue nozeli, kisha azungushe injini kwa spana. Ikizunguka, yapo matumaini. Ikikataa, imekwama.

3. Andikeni daftarini kila kilichoharibika. Ulizeni bei madukani. Jumlisheni bei ya trekta, spea na ujira wa fundi. Hiyo ndiyo bei ya kweli.

Mkishanunua, anzeni na injini, halafu breki na usukani, kisha matairi. Rangi iwe mwisho. Rangi hailimi shamba!

Tena, fedha ya mbegu isiguswe. Mvua haingoji spea.

Maswali ya kuzungumza kikundini:
(a) Oili nyeupe inatuonyesha nini?
(b) Nani atatunza daftari la spea na stakabadhi?
(c) Fedha ikiisha kabla trekta halijawaka, tutafanyaje?