Ukarabati au Injini Nyingine? Mwongozo kwa Mwenye Pikapu ya Land Rover 109

Kijitabu hiki ni cha mwenye pikapu ya Land Rover 109 ambaye ameshaambiwa na fundi kwamba injini yake imekufa, afunge ya Toyota. Ushauri huo husikika sana kwenye gereji zetu, na kuna wakati ni sahihi. Lakini mara nyingi hutolewa kabla kipimo chochote hakijafanyika. Tunachokuomba ni kupima kwanza, na kupima gari zima, kwa sababu injini mpya hubadilisha kazi ya kila kifaa kilicho nyuma yake.

Anzia kwenye chasisi

Bodi ya Land Rover ni ya aluminiamu na haioti kutu. Chasisi ni ya chuma, nayo huoza kimyakimya. Series III, toleo la mwisho la 109, zilikoma kutoka kiwandani mwaka 1985, kwa hiyo hata 109 changa kabisa imeshafikia umri wa miaka 40. Lala chini ya gari na nyundo ndogo, ugonge chasisi kuanzia mbele hadi nyuma, hasa panaposhikwa springi na boriti ya mwisho kabisa. Chuma kizima hulia. Pakitoka sauti butu, au maganda ya kutu yakadondoka, fedha uliyoiweka kwa ajili ya injini ipelekwe kwanza kwa mchomeleaji. Magari yaliyoishi Tanga, Mombasa au Zanzibar yachunguzwe mara mbili, maana chumvi ya bahari haina huruma.

Je, injini imechoka kweli?

Injini ya asili ya mitungi minne ina ujazo wa lita 2.25. Ile ya petroli, ikiwa mpya, ilitoa takriban nguvu za farasi 70. Ya dizeli takriban 62. Gari hili halikuwahi kuwa na mbio. Tena, injini isiyo na taabo hupoteza karibu sehemu moja ya kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 unazopanda kutoka usawa wa bahari. Ukingo wa bonde la Ngorongoro uko juu ya mita 2,200, hivyo zile farasi 70 hubaki kama 55 ukifika pale, hata kama injini ni nzima kabisa. Mwenye gari aliyetoka Dar es Salaam akapandisha Karatu na mzigo anaweza kuilaani injini isiyo na kosa.

Mwambie fundi apime kompresheni mbele yako. Injini ipashwe moto, plagi zote zitolewe, kanyagio la mafuta likanyagwe hadi mwisho, kisha starta izungushwe. Mitungi yote minne inatakiwa kusoma namba zinazokaribiana. Ukiwapo mmoja ulioshuka sana, mimina kijiko cha oili ndani yake na upime tena. Namba ikipanda, ringi za pistoni zimelika. Isipopanda, tatizo liko kwenye valvu au gasketi ya silinda hedi, na kazi hiyo inafanyika bila kuishusha injini.

Moshi nao unasema. Wa bluu ni oili inayoungua: ukitoka pale unapokanyaga mafuta baada ya kuteremka mlima kwa gia, shuku miongozo ya valvu, ukitoka muda wote gari likiwa na mzigo, shuku ringi. Mweupe usiokoma, huku maji yakipungua kwenye rejeta, ni dalili ya gasketi. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa, na tiba inaweza kuwa chujio jipya tu. Kwa injini ya petroli, hakikisha pia platini, tayming na kabureta vimewekwa sawa kabla ya kumsikiliza mtu yeyote anayetaja injini nyingine.

Ikiwa imelika kweli, bado ukarabati kamili ni njia ya heshima. Bloku ni ya chuma kinene. Mitungi huchongwa na kuwekewa pistoni za saizi kubwa zaidi, krenkishafti husagwa, na vipuri vyake vinatengenezwa hadi leo. Angalia jambo moja kabla ya kuagiza: hadi mwaka 1980 krenkishafti ilikaa kwenye beringi kuu tatu, baada ya hapo tano, na beringi za moja haziingii kwenye nyingine.

Ukiamua kubadilisha

Msimamo wetu ni kwamba injini ya asili ibadilishwe bloku ikiwa imepasuka, mitungi ikiwa imeshafikia saizi ya mwisho, au gari likiwa linabeba mzigo mzito milimani kila siku ili kulisha familia. Kwa gari la shughuli ndogondogo au la kumbukumbu ya mzee, baki na injini yake. Mwaka 2024 mamia ya Land Rover yalikusanyika Arusha, na aliyeona jinsi watu walivyoyatazama yale ya zamani anajua kwamba gari lenye injini yake ya kuzaliwa lina thamani.

Injini iliyo rahisi kuingia ni 200Tdi ya Land Rover yenyewe. Ni dizeli ya taabo ya lita 2.5 na farasi 111, na inafungika karibu moja kwa moja kwenye giaboksi ya zamani. Isuzu 4JB1 na Toyota 3L, zote za lita 2.8 hivi, vipuri vyake viko hata kwenye miji midogo, ila zinahitaji bamba la kuunganishia na maunting mpya. Bamba likichongwa kwa kukadiria, shafti ya giaboksi haitakaa katikati na klachi italika mapema. Toyota 1HZ ya mitungi sita ni imara, lakini ni ndefu na nzito, na atakayekata chasisi ili iingie atakuwa amedhoofisha gari kwa mkono wake.

Usitegemee mwendo kuongezeka kwa injini peke yake. Kwa difu za 109, zenye uwiano wa 4.7, injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika gari huenda takriban kilomita 80 kwa saa, iwe ni injini ya nani. Kuna wanaoweka difu za 3.54. Zikibadilishwa, zibadilishwe mbele na nyuma kwa pamoja. Zikitofautiana, siku utakapofunga 4x4 utavunja kitu.

Breki kabla ya nguvu

Hapa hatuna mjadala. Breki za 109 ni za ngoma, magurudumu yote manne. Gari linalokwenda kilomita 100 kwa saa linahitaji kusimamishwa kwa nishati inayozidi ile ya kilomita 80 kwa zaidi ya nusu. Mipira ya breki, silinda za magurudumu na brekishuu viwe vipya kabla injini haijawashwa. Na kama umetoka petroli kwenda dizeli huku gari lina sevo ya breki, kumbuka kwamba sevo ilivuta hewa kwenye manifoldi ya petroli. Dizeli haina mvuto huo. Bila pampu ya vakyumu, kanyagio litakuwa gumu siku unayolihitaji zaidi.

Karatasi

Namba ya injini imeandikwa kwenye kadi ya gari. Nunua injini ya mtumba yenye risiti na namba isiyokwaruzwa, kisha peleka mabadiliko TRA kwa Tanzania au NTSA kwa Kenya, na mjulishe bima kwa maandishi. Bima inayolijua gari la petroli inaweza kukugeuka siku ya ajali ikikuta dizeli.

Injini iliyotoka

Usiwape wauza vyuma chakavu. Mimina oili kidogo kwenye kila mtungi, zungusha krenkishafti kwa mkono, ziba matundu yote kwa vitambaa safi, na uiweke juu ya mbao mahali pakavu. Kabureta, dainamo na maunting zake ziwekwe kwenye sanduku moja pamoja na nakala ya kadi ya zamani. Atakayelinunua gari baadaye huenda akaitaka injini hiyo kuliko uliyofunga wewe.