Pesa ya Mtoto Iandikwe Jina la Mtoto

Dadangu wa Burnt Forest, pole na mvutano wa hapo nyumbani. Mtoto wa miaka mitano amebatizwa, wajomba na mashangazi wamechanga shilingi 20,000, nyanya naye ametoa kondoo jike. Baba watoto anataka ndama, shemeji anasisitiza sacco, na pesa zenyewe bado ziko kwenye M-Pesa yako.

Zitoe huko leo. Hazizai riba, halafu Januari itabisha na karo, Machi idai mbolea ya mahindi, na mama yeyote mwenye huruma atazigusa.

Shemeji yako hajakosea, ila muulize swali moja: zitaingia kwa jina la nani? Ukiziweka kwenye akiba yako ya uanachama, zinakuwa dhamana ya mkopo wako na ya kila rafiki uliyemdhamini. Rafiki akishindwa kulipa, sacco ina haki ya kukata akiba yako, na humo ndani mna zawadi ya mtoto ambaye hakumdhamini mtu. Jambo hili linaniuma, maana kina mama wengi huweka sahihi fomu za udhamini kwa sababu tu wanaona haya kukataa. Kama ni sacco, basi iwe na leseni ya SASRA, mdhibiti wa sacco, na ufungue akaunti ya watoto iliyo mbali na mikopo yako.

Benki nazo zina akaunti za watoto: KCB ina Cub, Co-operative ina Jumbo Junior, Postbank ina Bidii Junior. Riba yake mara nyingi ni ndogo. Lakini benki ya biashara ikianguka, shirika la bima ya amana, KDIC, humlipa mwenye akiba hadi shilingi 500,000. Kinga hiyo haifiki kwenye sacco. Bondi za serikali zinaanzia 50,000, kwa hiyo ziache kwanza.

Mimi, kwa mtoto wa umri huo, ningechagua mfuko wa soko la fedha wenye kibali cha CMA, mamlaka ya masoko ya mitaji, mzazi akiusimamia kwa niaba yake. Hauna kinga ya KDIC na faida yake hupanda na kushuka. Tuseme ikabaki asilimia 8 kwa mwaka baada ya kodi: hizo 20,000 zitakaribia 40,000 baada ya miaka 9, akiwa anakaribia sekondari ya juu. Akija mtu kukuahidi kuziongeza maradufu kwa miezi mitatu, mfungie mlango.

Na ndama wa baba watoto? Simkatai, mifugo ni mali na baridi ya huko kondoo wanaivumilia vizuri. Ila wazee wenu wanakumbuka machafuko ya 1992 na mapema 2008, mifugo ilipoporwa na nyumba zikateketezwa. Mtoto tayari ana kondoo. Pesa taslimu zikae kwingine. Nunua daftari, uandike kila mwanakondoo atakayezaliwa, na dume likiuzwa fedha ziende akaunti ile ile ya mfuko.

Nyanya mwonyesheni risiti ya kuweka pesa. Naye mkabidhini nakala ya namba ya akaunti, ili krismasi ijayo zawadi zitumwe huko moja kwa moja, zisipitie simu ya mtu.