Tushone Kwanza Kile Nyumba Inachohitaji

Somo la vikundi: Familia changa

Somo letu la safari hii ni la kushona na kutengeneza vitu vya nyumbani. Lakini kabla ya kushika sindano, tunataka tuungame kosa letu wenyewe, maana kosa hilo ndilo lililotufundisha somo hili.

Tulikuwa na kikundi cha akina mama vijana katika mtaa mmoja hapa Eldoret. Kwa muda wa miezi minne tuliwafundisha kufuma vitambaa vyeupe vya viti na meza. Mama mmoja aliwashinda wote, na tukamsifu mbele ya wenzake. Mwezi wa Julai tukaenda kumtembelea. Yeye, mume wake na mtoto wa miezi kumi na minne wanaishi katika chumba kimoja. Tulikaribishwa vizuri, tukakalia viti vyenye vitambaa tulivyomfundisha. Kumbe nyuma ya pazia mtoto alikuwa amelala juu ya gunia, amefunikwa leso, anakohoa. Nyumba nzima ilikuwa na blanketi moja.

Tulimwuliza, "Mama, mbona hukutuambia?" Akajibu kwa upole, "Ninyi ndio walimu. Mlituletea uzi mweupe, nikadhani nyumba huanzia hapo."

Mtoto alipelekwa zahanati siku ile ile, akatibiwa, akapona. Lakini sisi tulirudi tukiwa na aibu. Tulikuwa tumefundisha kile mgeni anachoona, tukasahau kile mtoto anacholalia.

Mji wa nguo, nyumba za baridi

Eldoret iko juu sana, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai si wa mchezo. Tena mji wetu ni mji wa nguo. Kiwanda cha Rivatex kilianzishwa mwaka 1976, kikaanguka, kikanunuliwa na Chuo Kikuu cha Moi mwaka 2007, na kikazinduliwa upya mwaka 2019. Raymond nayo ilijulikana kwa mablanketi yake. Hata hivyo mtu anaweza kuishi karibu na kiwanda na mtoto wake akalala kwa baridi.

Habari njema ni kwamba vitambaa viko. Kila fundi wa cherehani ana mfuko wa mabaki chini ya meza yake, na sokoni kuna mitumba iliyochanika ambayo haimpati mnunuzi. Ombeni kwa adabu, au mnunue kwa bei ndogo.

Jua kitambaa chako

Ng'oa uzi mmoja, uende nje, uushike kwa koleo na kuuwasha. Ukinuka kama karatasi inayoungua na kuacha jivu laini, hiyo ni pamba. Ukiyeyuka na kuacha kidonge kigumu, hiyo ni nailoni au jamii yake. Kitambaa cha kuyeyuka hakifai karibu na jiko, kwa sababu kikishika moto hugandamana na ngozi. Kisha fueni vipande vyote na kuvianika kabla ya kukata. Pamba hurudi ikifuliwa, na kipande kikirudi baada ya kushonwa, kazi yote hukunjamana.

Kazi ya kwanza: blanketi la viraka

1. Kata vipande 25, kila kimoja sentimita 22 kwa 22. Tumia kipimo cha karatasi ngumu ili vyote vilingane.
2. Shona safu tano za vipande vitano, ukiacha sentimita moja ya mshono kila upande. Kisha unganisha safu hizo. Utapata kitambaa cha sentimita 102 kila upande.
3. Kata kitambaa cha nyuma cha kipimo hicho hicho. Viweke viwili hivyo uso kwa uso, na juu yake utandaze blanketi kuukuu au sweta zilizofumuliwa mishono.
4. Shona kuzunguka, uache mwanya wa sentimita 30. Pindua, kisha ufunge mwanya kwa mkono.
5. Kwenye pembe za viraka, pitisha uzi imara mpaka nyuma, ufunge fundo na kukata mkia mfupi. Hapo kilicho ndani hakitahama. Usitie vifungo, mtoto huvimeza.

Mtoto ambaye hajatimiza mwaka asifunikwe blanketi zito usiku, wala asiwekewe mto. Mvalishe nguo za joto, uso uwe wazi. Blanketi hili mtandikie anapocheza mchana. Pia tusidanganyane: blanketi si dawa. Mtoto akipumua haraka haraka, au kifua kikiingia ndani anapovuta pumzi, mpeleke hospitalini siku hiyo hiyo.

Kazi ya pili: kikapu cha kupikia

Kikapu hiki huhifadhi moto wa chakula kilichokwisha kuchemka, kikaendelea kuiva bila makaa.

Tafuta kikapu kinachozidi sufuria yako kwa sentimita kumi hivi kila upande. Shona godoro dogo la kukaa chini, na jingine la kuzunguka kandokando. Yajaze mabaki makavu yaliyokatwa vidogo, au majani makavu ya migomba. Upande unaogusa sufuria uwe wa pamba. Mwisho, shona mto mnene wa kufunika juu.

Maharagwe yalowekwe usiku kucha, maji yamwagwe, kisha yachemshwe kwa nguvu kwa nusu saa. Usifupishe hapo, kwa maana maharagwe ambayo hayakuchemka vizuri huumiza tumbo vibaya. Sufuria iliyojaa ndiyo hushika moto. Iingize ikiwa bado inachemka, uifunike, uiache saa tatu au nne bila kuchungulia chungulia. Ikitoka, irudishe jikoni ichemke tena kabla ya kula. Chakula kisilale humo usiku, kitaharibika.

Andika makaa uliyotumia kwa wiki moja kabla ya kikapu, na wiki moja baada yake. Tofauti hiyo ndiyo akiba yako. Katika kikundi chetu mama mmoja alinunua blanketi la pili kwa akiba ya namna hiyo.

Kazi ya tatu: mfuko wa ukutani

Chukua kitambaa kigumu kama cha suruali ya jinzi, ushonee mifuko sita, upitishe fimbo juu na kuutundika. Hapo pakae kijitabu cha kliniki, vyeti, sabuni na sindano. Dawa ziwe mfuko wa juu kabisa, mbali na mkono wa mtoto. Chumba kimoja chenye mpangilio huwa kama viwili.

Na baba je?

Tembea barazani pa maduka ya mjini uone mafundi wa cherehani: wamo wanaume pia. Basi mtu asiseme sindano ni ya mwanamke. Yule mume wa mama tuliyemtaja alikata vipande vyote 25 kwa jioni moja, naye mama akashona. Alituambia kwamba tangu waoane hawakuwahi kuongea muda mrefu namna ile.

Na vitambaa vyeupe? Havikukatazwa. Urembo nao ni haki ya maskini. Tulipomrudia mama yule vilikuwa bado vitini, vimepigwa pasi. Safari hii alitupeleka kwanza nyuma ya pazia.

Maswali ya kujadiliana kikundini

1. Katika nyumba yetu, ni nani anayelala kwa baridi, na tunajuaje?
2. Ni kitu gani tulinunua kwa deni kwa sababu ya wageni?
3. Tukianza na kazi moja kati ya hizi tatu, itakuwa ipi, na nani ataleta nini?
4. Sisi tunaoongoza vikundi, tunauliza kabla ya kufundisha?