Saa Yenye Kupima Mwili: Ni Shahidi, Si Kadhi

Tumeulizwa na ndugu zetu wa pwani wanaofanya kazi Thika na Ruiru juu ya saa za mkononi zenye kuhesabu hatua, mapigo ya moyo na usingizi. Vijana wengi huko huzivaa usiku na mchana. Je, yafaa kuzitegemea? Na wudhuu wa mwenye kuivaa ukoje?

Kwanza yatupasa tujue saa hiyo huona nini. Chini yake mna taa ndogo ya kijani imulikayo ngozi. Damu huumeza mwanga huo. Basi kila moyo upigapo, mwanga urudio hupungua kidogo, na saa huhesabu. Ama hatua, huzikisia kwa mwendo wa mkono. Kwa hivyo msukuma mkokoteni wa Thika, aliyeshika mpini kwa mikono miwili, huweza kutembea kutwa akaandikiwa hatua chache. Na mwenye kufua nguo hali ameketi huandikiwa hatua asizozitembea. Hata zile hatua 10,000 ambazo watu wamezifanya kama faradhi hazikuanza kwa matabibu: zilitoka Japani mwaka 1965, katika jina la chombo cha kuhesabu hatua kilichokuwa kikiuzwa.

Tena, Thika iko zaidi ya mita 1,400 juu ya bahari. Atokaye Mombasa, siku za mwanzo huenda moyo wake ukapiga kasi zaidi kwa wepesi wa hewa. Asiyejua hilo huiona namba mpya, akaingiwa na khofu, akakesha; na asubuhi saa ikamwambia kuwa hakulala!

Lakini khatari kubwa ni sukari. Zauzwa saa na pete zinazodaiwa kupima sukari bila ya kudunga ngozi. Idara ya Marekani isimamiayo dawa ilionya Februari 2024 kwamba haikuwa imeidhinisha hata moja. Mgonjwa akikadiria insulini yake kwa namba hiyo, aweza kujidunga kupita haja, sukari ikashuka, akazimia, hata akafa. Sukari na ipimwe kwa tone la damu, na presha kwa ukanda unaofungwa mkononi juu ya kiwiko.

Ama wudhuu, ni lazima maji yafike kwenye ngozi iliyo chini ya saa. Ikiwa imebana, ivuliwe au isogezwe, kama ifanywavyo pete. Na humo mna faida nyingine: jasho lililofungiwa huleta upele, na ngozi ikikaushwa hupumzika.

Ndugu msomaji, mwili ni amana. Saa yako ni shahidi mmoja, na shahidi mmoja hatoshi kukata hukumu. Kifua kikibana, au pumzi ikikatika, usiseme, "Saa imenyamaza." Iache inyamaze, nawe nenda hospitali.

Na Mwenyezi Mungu ndiye ajuaye zaidi.