Sanamu za Wafu na Kazi Yake

Katika nyika zinazotoka Kitengela kuelekea Kajiado, Wamasai wa zamani hawakuwa na desturi ya kumchimbia kila maiti kaburi. Wengi walilazwa nyikani. Lakini laiboni, au mzee mwenye mali na heshima, alizikwa katika shimo lisilo refu na kufunikwa kwa mawe. Tangu siku hiyo, kila apitaye hapo alitupa jiwe lake juu ya mengine, na rundo likazidi kukua. Mgeni akiliona hudhani ni mawe ya kujengea tu. Ajuaye hutambua kwamba mzee amelala hapo.

Rundo hilo halina sura ya mtu. Yako mataifa mengine yaliyompa marehemu sura kabisa, na mashuhuri kuliko yote ni Wamisri wa kale.

Wamisri waliamini kwamba kila mtu ana nguvu ya uhai iitwayo ka. Mwili ukifa, ka haifi, bali huhitaji chakula na makao. Ndiyo sababu maiti ilikaushwa kwa magadi na kuvikwa vitambaa vya kitani. Hata hivyo mwili huweza kuoza, au kuharibiwa na wezi. Basi ilichongwa sanamu iwe makao ya pili. Jina la marehemu liliandikwa juu yake, na makuhani waliigusa midomo kwa chombo maalumu katika ibada ya Kufungua Kinywa, ili ipate kupumua, kula na kuona.

Mfano mwema ni wa Mfalme Djoser, aliyezikwa Saqqara miaka zaidi ya 4,600 iliyopita. Sanamu yake iliwekwa katika chumba kidogo kilichozibwa pande zote, ila matundu mawili yaliachwa ukutani, mbele ya macho yake. Kadhalika kulikuwa na visanamu viitwavyo shabti, ambavyo kazi yake ilikuwa kumlimia bwana wao huko ahera. Kaburi la Tutankhamun, lililofunuliwa mwaka 1922, lilikuwa na visanamu hivyo 413.

Hapa Kenya, desturi iliyo karibu na hiyo ni ya Wagiriama na jirani zao wa pwani. Mzee wa chama cha Gohu akifa, huchongewa kigango: ubao mrefu wa mti mgumu, wenye kichwa cha mviringo na nakshi za pembetatu. Kigango hakisimamishwi juu ya kaburi, bali karibu na mji wa jamaa zake. Mara nyingi husimamishwa baada ya miaka, marehemu anapomtokea mtu wa nyumbani katika ndoto na kukidai. Hufungwa vitambaa na kumwagiwa tembo, na jamaa humwomba mzee wao awakinge na maradhi na ukame. Kikiisha kusimamishwa, haifai kung'olewa.

Lakini vimeng'olewa vingi. Mwaka 1985 mtaalamu wa Marekani, Monica Udvardy, alimpiga picha mzee mmoja mbele ya vigango viwili vya ndugu zake. Muda si mrefu vyote viwili viliibwa. Baada ya miaka vilionekana Marekani, kimoja katika jimbo la Illinois na kingine katika Chuo cha Hampton. Picha ile ndiyo iliyokuwa shahidi, na mwaka 2007 vikarudishwa kwa jamaa. Yule mzee alikuwa amekwisha kufa. Mwaka 2014 jumba la makumbusho la Denver nalo lilikubali kurudisha vigango 30.

Aliyevinunua aliona mti wenye nakshi nzuri. Jamaa waliona ndugu yao amechukuliwa. Djoser alizungukwa na kuta za mawe, lakini kigango husimama wazi, na rundo la mawe la Kajiado vivyo hivyo. Ulinzi wake ni mmoja tu: walio hai kujua ni nani aliye pale, na kuwaambia watoto wao. Siku hizi nyumba na barabara zinapoenea nyikani, afaaye kuulizwa kabla jiwe halijaondolewa ni mzee wa mahali hapo.

Maswali ya kujipima

1. Kwa nini Wamisri waliweka sanamu kaburini, hali maiti ilikuwa imekaushwa?
2. Kigango husimamishwa wapi, na kwa sababu gani?
3. Katika mtaa wako, ni nani ajuaye makaburi ya zamani yalipo?