Somo la Wiki: Senti ya Pipa Inayoingia Darasani

Anayefuatilia soko la mafuta huangalia bei ya pipa. Wiki hii tuangalie makato ambayo hayamo katika jedwali la bei, nayo yanakwenda shuleni.

Mwaka 1993 Bunge la jimbo la Oklahoma, Marekani, liliunda bodi ya rasilimali za nishati, OERB kwa kifupi. Wazalishaji wa mafuta na gesi asilia, pamoja na wanaopokea mrabaha, hukatwa asilimia 0.1 ya thamani ya mauzo. Asiyeridhika huomba arudishiwe. (Kwetu mkulima wa korosho anaujua ushuru wa mazao, aliyewahi kurudishiwa sijamsikia.)

Hesabu ni nyepesi. Pipa likiuzwa dola 100, bodi hupata senti 10. Bei ikianguka hadi dola 30, kama Januari 2016, hubaki senti 3. Kwa hiyo bajeti ya masomo hupanda na kushuka pamoja na soko.

Sehemu ya fedha husafisha maeneo ya visima vilivyotelekezwa, kazi ambayo ni vigumu kuilaumu. Nyingine huandaa masomo, mafunzo ya walimu na vifaa vya bure. Watoto wadogo wana kijana wa katuni, Petro Pete, ambaye katika kitabu kimoja anaota vitu vitokanavyo na mafuta vimetoweka. Kwamba tunavitegemea ni kweli. Lakini muuzaji hatarajiwi kutangaza kasoro za bidhaa yake.

Hapo ndipo hasara huingia, kama ilivyotokea kwenye makaa ya mawe. Kampuni ya vitabu vya shule ya Scholastic ilisambaza somo la darasa la nne lililolipiwa na American Coal Foundation. Faida za makaa zilielezwa. Madhara ya uchimbaji na moshi yaliachwa. Malalamiko yakazuka, na Mei 2011 Scholastic ikasitisha usambazaji. Aliyeumia jina zaidi, kwa maoni yangu, ni mchapishaji, maana mtaji wake ni kuaminiwa na walimu.

Basi mwenye hisa akikuta "elimu kwa jamii" katika taarifa ya mwaka, asiihesabu kama sadaka. Aiweke pamoja na gharama za matangazo, kisha aulize kwenye mkutano mkuu: nani aliandika somo, na nani alilikagua kabla halijafika darasani?